UZI: Kumbukumbu za uwindaji za ukoo – kurekodi wazee, kutunza vifaa na kurithisha watoto (Usukumani na pwani ya Ziwa Victoria)

#1 Ngosha wa Kisesa

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa familia ambazo babu, baba mkubwa au mjomba alikuwa mwindaji, na sasa kilichobaki ni upinde darini, nyimbo mbili tatu na mzee mmoja anayekumbuka. Tukusanye humu mambo ya kufanya, siyo masikitiko.

Naanza na mzee mwenyewe. Ukimkalisha ukamwambia "tusimulie uwindaji wa zamani", utapata dakika kumi za maneno aliyoyasema kwenye kila harusi na kila msiba, halafu kimya. Mpe kitu mkononi. Mpe podo (mfuko wa mishale), mpe mshale mmoja, mpe kisu cha kuchunia, hata kipande cha kamba. Mkono unakumbuka kabla ya mdomo. Kisha uliza kitu kidogo kinachojibika: hili pengo la nyuma ya mshale linaitwaje kwa Kisukuma? Manyoya haya ni ya ndege gani, yanafungwa mangapi, na kwa nini upande huu? Chembe, ile ncha ya chuma, ilifuliwa na nani, alilipwa nini? Upote, yaani kamba ya upinde, ulikuwa wa kano za mnyama yupi, za mgongoni au za mguuni? Ulikuwa unalegezwa lini? Mvua ikinyesha unafanyaje?

Maswali ishirini ya namna hiyo kwa kitu kimoja yanatosha kwa siku. Usimrundikie vitu vitano. Dakika 40 hadi 60, chai, basi. Kesho yake urudi na kitu kingine. Mzee atakuwa amelala na maswali yako, na asubuhi ndiyo anakumbuka jina lililomtoroka jana.

Mambo ambayo familia nyingi husahau kuuliza, na ndiyo yanayopotea kwanza:

– Mgawo wa nyama. Chora umbo la ng'ombe au swala kwenye karatasi ya A3, mwambie mzee aweke mstari: kidari cha nani, paja la aliyechoma mshale wa kwanza ni lipi, mwenye mbwa anapata nini, akina mama wanapata nini, kilichokuwa cha mtemi ni kipi. Mchoro huo mmoja unaeleza sheria za jamii kuliko kurasa kumi.
– Majina ya mbwa na maana zake, na sauti za kuwaita. Sauti haiandikiki, irekodi.
– Miiko: nani haruhusiwi kugusa upinde, siku gani hawatoki, neno gani halitajwi porini na linasemwaje badala yake.
– Kushindwa. Muulize mnyama aliyejeruhiwa akapotea ilikuwaje na walimfuata vipi. Ufundi wa kusoma nyayo na damu unaelezwa hapo, siyo kwenye ushindi.

Na jambo moja: mhoji mzee mbele ya mzee mwenzake ikiwezekana. Wakibishana, usiingilie. Ubishi wa wazee wawili ndio uhakiki wako.

#2 Binti wa Igoma

Uzi muhimu. Swali: simu ya kawaida inatosha, au lazima mashine ya kurekodia?

#3 Fundi Sauti

Simu inatosha dada, ila kuna masharti.

Iweke kwenye hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya wimbo, programu nyingi za kurekodi husimama na hazirudi zenyewe. Tafuta programu inayorekodi WAV (sauti isiyobanwa), chagua 44.1 kHz, biti 16, mono. Hapo dakika moja inakula takribani MB 5, saa nzima ni MB 300 na kidogo. Kabla ya kuanza hakikisha una GB 2 tupu na chaji zaidi ya nusu.

Usiilaze simu juu ya meza ya mbao. Kila kikombe kitakachowekwa kitasikika kama ngoma. Kunja kanga mara nne, weka simu juu yake, mdomo wa maiki ukimwelekea mzee, sentimita 20 hadi 30 kutoka kinywani. Kama mzee ana sauti ndogo sogeza simu, usimwambie apaze. Akipaza sauti anaanza kuhutubia.

Adui wa huku kwetu ni watatu. Bati: mvua ikianza, zima, maana hakuna programu itakayoondoa mlio huo. Upepo wa ziwa: mchana jua likishapasha nchi kavu, upepo unavuma kutoka ziwani, na nyumba za pwani kama Igombe, Kayenze au visiwani zinavuma nao. Rekodi asubuhi, saa 2 hadi saa 5. Wa tatu ni redio ya jirani, hiyo mnaelewana kwa heshima.

Mwanzo wa kila faili sema kwa sauti yako: tarehe, kijiji na wilaya, jina la mzee, walio chumbani, lugha, na kitu kinachozungumzwa. Kisha mwombe mzee aseme mwenyewe kwamba anakubali kurekodiwa na nani aruhusiwe kusikiliza. Jina la faili unaweza kubadilisha au kupoteza. Sauti iliyo ndani haibadiliki.

Faili ipe jina kuanzia mwaka: 2025-07-12_babu_podo_01. Ukianza na siku, kompyuta itapanga tarehe 12 za miezi yote pamoja, na baada ya miaka miwili hujui kilitangulia kipi.

#4 Fundi Sauti

Nyongeza: usitume rekodi kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti ukadhani umehifadhi. Inabanwa. Tuma kama hati, faili ifike ilivyo. Picha nazo hivyohivyo.

#5 Mjukuu wa Magu

Na vitu vyenyewe je? Nyumba nyingi huku Magu na Busega kuna ngozi ya chui ukutani, pembe, mkia wa nyumbu, meno ya ngiri. Vingine ni vya tangu enzi za mkoloni. Familia zinataka kuvipiga picha na kuviweka mtandaoni kwa ajili ya wajukuu walioko Dar na nje.

#6 Msoma Sheria

Simama hapo kwanza mkuu, usipige picha ya kuweka mtandaoni.

Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, pembe, meno, ngozi, kucha, kwato, mikia, hata miiba ya nungunungu ambayo watu huiona urembo tu, ni nyara. Kuwa nazo bila hati ni kosa, na "nimerithi kwa babu" siyo hati. Kwa nyara za thamani kubwa, kama chui na tembo, watu wanafungwa miaka 20. Mnaona habari za mahakama za Mwanza, Bariadi na Musoma.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu. Usihamishe kitu hicho, usikipeleke mjini ndani ya basi ili "kikatunzwe vizuri", usikiuze, usimpe mganga. Tafuta karatasi zozote za zamani: leseni ya uwindaji, stakabadhi, hati ya umiliki. Kisha nenda ukiwa mikono mitupu kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), ueleze kilichopo, kilipo, na kimekuwepo tangu lini. Enda na mtu mzima wa ukoo na, kama uwezo upo, wakili. Uamuzi wa nini kifanyike na kitu hicho uwe wao, kwa maandishi.

Familia ikikabidhi, hakuna kumbukumbu inayokufa. Kabla ya siku hiyo mwacheni mzee aeleze kwa sauti: alikuwa mnyama gani, nani aliwinda, ngozi ilivaliwa na nani, siku gani. Maelezo hayo hayakamatwi na mtu. Ngozi bila maelezo ni ngozi tu.

Magobole pia. Silaha ya moto yoyote, hata ya kushindilia baruti mdomoni iliyopata kutu, iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Mwenye leseni akifariki, bunduki haihamii kwa mtoto yenyewe. Inakabidhiwa polisi, na mrithi anayeitaka anaanza maombi yake. Na tafadhali, msijaribu kama "bado inafanya kazi", msiianike karibu na moto, msichokonoe mtutu. Gobole linaweza kuwa limeshindiliwa tangu siku ya mwisho lilipotumika, na baruti nyeusi ikiwa kavu haizeeki. Mwiteni askari aje alipo.

Upinde, mkuki na podo nyumbani havina shida hiyo. Ila kuingia navyo hifadhini au pori la akiba ni kosa, hata kama unaenda kupiga picha tu "babu alipowindia".

#7 Mkerewe wa Nansio

Asante mkuu kwa #6. Naomba tuongee mishale, maana watoto wanaichezea.

#8 Mtunza Kabati

Hilo ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Mshale wa zamani uchukulie una sumu mpaka ithibitike vinginevyo, na nyumbani haithibitiki. Sumu ya mishale iliyotumika sana Afrika Mashariki hutokana na msunguti: magome na mizizi huchemshwa saa nyingi hadi kuwa lami nyeusi, hupakwa nyuma ya chembe. Inashambulia moyo. Haivunjiki upesi, ikikauka vizuri inabaki na nguvu miaka na miaka. Zile tabaka nyeusi zilizopasukapasuka chini ya chuma, mara nyingi zimefungwa ngozi nyembamba au kitambaa, ndizo hizo. Ufungaji huo ulikuwa kuilinda sumu isikaukie juani na kumlinda mwindaji.

Vaa glavu za mpira. Usikwangue, usioshe, usipige msasa, vumbi lake ni hatari machoni na kwenye kidonda. Kila chembe ichomekwe kwenye kipande cha bomba la plastiki kilichozibwa upande mmoja, kifungwe kwa uzi, siyo kwa selotepu juu ya mti. Mishale yote ndani ya boksi moja lenye maandishi makubwa SUMU – USIGUSE, kabati lenye kufuli. Mtu akichomwa ni hospitali mara moja, na mshale uende naye ukiwa umefungwa.

Mzee akieleza jinsi ya kupika sumu, rekodi jina la mti na nani aliruhusiwa kupika, mengine yaacheni kwake. Siyo kila kitu ni cha kurithisha.

Sasa vifaa vingine.

Upinde: legeza upote. Upinde uliofungwa miaka kumi umekwisha kuwa fimbo iliyopinda. Kama upote umekauka usiulazimishe, utakatika na kurarua ncha. Uache ulivyo. Ulaze, usiuegemeze ukutani, maana utaendelea kupinda kwa uzito wake. Uegemee sehemu tatu: katikati na karibu na ncha mbili, juu ya mito ya kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila rangi.

Mbao haitaki vanishi, haitaki oili chafu, haitaki mafuta ya kula. Vanishi inafunika alama za mkono wa mtu aliyeushika, ile sehemu iliyong'aa katikati, na hiyo ndiyo kumbukumbu yenyewe. Mafuta ya kula yanaganda, yanavuta vumbi na mende. Brashi laini ya rangi ya inchi moja, ikiwa kavu, inatosha.

Mkuki: chuma kikavu. Kutu inayodondoka ipanguse kwa brashi, kutu iliyoshika iache. Tone la mafuta mepesi ya cherehani kwenye kitambaa, pitisha kwenye chuma tu, yasifike kwenye mpini. Msasa hapana, unakula alama za nyundo za mfua chuma.

Ngozi ya podo au ala, kama ni ya ng'ombe au mbuzi: usiinyooshe ikiwa kavu, itapasuka. Jaza ndani karatasi laini nyeupe ili ishike umbo. Gazeti hapana, wino wake unahamia.

Bungua na wadudu wa ngozi: ukiona unga mpya mwepesi chini ya kitu, wako hai. Kifunge kitu ndani ya nailoni mbili, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Kisha kitoe, kiache saa 24 bila kufungua nailoni, maana ukifungua kikiwa baridi, mvuke wa hewa yetu ya ziwani unaganda juu yake na kuvu inaanza. Umeme ukikatika friza ikayeyuka, hesabu ya siku inaanza upya. Mishale yenye sumu haiingii kwenye friza ya chakula, hata ikifungwa namna gani. Dawa ya kupulizia wadudu msipulizie juu ya kitu.

#9 Mkerewe wa Nansio

Kwa sisi wa visiwani unyevu ni mwingi mwaka mzima. Sanduku la bati linafaa?

#10 Mtunza Kabati

Linafaa kwa mchwa na panya, halifai kwa jasho. Bati linapoa usiku, unyevu unatona ndani ya mfuniko. Kwa hiyo: liinue juu ya tofali, sentimita 10 au zaidi kutoka sakafuni na kiganja kimoja kutoka ukutani. Ndani tandika shuka la pamba juu, chini na pembeni, vitu visiguse bati. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vikishashiba havina kazi, hivyo usivitegemee. Dawa kubwa ni kufungua: baada ya masika, mwezi wa sita hadi wa nane, chagua siku kavu, fungua kutwa nzima kivulini, kagua kila kitu. Rudia kabla ya vuli. Ukiona kuvu, toa kitu nje penye hewa, acha kikauke, ndipo upanguse kwa brashi ukiwa umefunika pua. Ukifuta kuvu ingali mbichi unaisugua ndani ya mbao.

#11 Binti wa Igoma

Picha za zamani zilizobandikwa kwenye albamu za gundi, tuzibandue?

#12 Fundi Picha Nyamanoro

Usibandue. Gundi ya albamu zile ikishazeeka inashika kuliko picha yenyewe, utatoka na karatasi tupu. Skani ukurasa mzima ukiwa humohumo, kisha kila picha peke yake. Picha ya kawaida ya sentimita 9 kwa 13, skani kwa 600 dpi (nukta kwa inchi). Pasipoti na zile ndogondogo, 1200. Hifadhi kama TIFF, nakala ya kusambaza iwe JPEG. Skani hata nyeusi na nyeupe kwa rangi, ile rangi ya udongo inaonyesha madoa na maandishi ya penseli.

Skani na mgongo wa picha. Mhuri wa studio, namba, neno moja la penseli, hayo ndiyo yanayotoa tarehe.

Huna skana: weka picha chini karibu na dirisha la upande usiopigwa na jua, simu iwe sambamba nayo kabisa, bila mwanga wa flashi, itoe kwenye kioo cha fremu. Kama imegandana na kioo, iache hapo hapo, piga kwa pembeni kidogo hadi mng'ao uishe. Ukivuta, uso unabaki kwenye kioo.

Kuandika majina: penseli laini, 2B kwenda juu, pembeni mwa mgongo, picha ikiwa imelala juu ya kioo au sahani ngumu. Kalamu ya wino inatokeza mbele. Na jamani, msipeleke picha za pekee kulaminetiwa. Joto linaziunguza na hazitoki tena humo. Hata zile nzuri za kwenye steshenari za mjini.

Negativu msitupe. Zikianza kunuka siki zinaoza. Zitenge na nyingine, skani hizo kwanza.

#13 Mjukuu wa Magu

Tatizo lingine ni tarehe na mahali. Mzee anasema "pale tulipokuwa zamani, mwaka ule wa njaa". Huwezi kuandika hivyo.

#14 Ngosha wa Kisesa

Unaandika hivyohivyo kwanza, neno kwa neno, halafu unatafuta kando yake. Usimlazimishe kutaja mwaka, atakutajia wowote akuridhishe.

Tengeneza kalenda ya matukio, ibandike mbele yako: Uhuru 1961, ziwa kujaa kwa mvua kubwa za 1961 hadi 1964, wavuvi na watu wa pwani wanalikumbuka sana kwa kuhama, Azimio la Arusha 1967, Operesheni Vijiji, kwa sehemu nyingi 1974, vita vya Kagera 1978–79, kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996, mvua za El Niño 1997–98. Kisha uliza: hiyo ilikuwa kabla ya kuhamishwa vijijini au baada? Mtoto wako wa kwanza alikuwa anatembea? Ulikuwa umeshatoa ng'ombe wa mahari? Ukipata "baada ya hili, kabla ya lile", andika hivyo, "kati ya 1967 na 1974". Miaka saba ya kweli ni bora kuliko mwaka mmoja wa kubuni.

Mahali ni pagumu zaidi, na sababu ni hizo hizo. Operesheni iliwatoa watu kwenye makazi yao ya asili. Kabla yake mipaka ya Serengeti ilishawekwa 1951, Pori la Akiba Maswa likaja 1962, na koo nyingi za upande wa mashariki mwa Usukuma njia zao za uwindaji zikabaki ndani. Kwa hiyo jina la kilima analolitaja mzee linaweza lisiwe kwenye ramani, na huruhusiwi kwenda kulitafuta kwa miguu.

Anza na mito. Mchoree Simiyu, Duma na Mbalageti ikishuka kuelekea Ghuba ya Speke, weka barabara ya Mwanza–Musoma, kisha mpe kalamu. Wazee wanapima kwa siku za kutembea na mahali pa kunywa maji, siyo kilomita, kwa hiyo uliza walilala wapi usiku wa kwanza, walichota maji wapi. Ukishapata mfuatano wa vituo, fungua picha za setilaiti kwenye simu, mwonyeshe mapito ya mito na milima ya mawe. Mwelekeze ramani sawa na alivyokaa, kaskazini ya ramani iwe kaskazini ya uani. Ukiishika kichwa chini atakuambia haijui nchi hiyo.

Majina yote yaandikwe kwa Kisukuma pamoja na maana. Jina la sehemu mara nyingi linasema kulikuwa na mnyama gani au mti gani.

#15 Mpenda Ngoma

Nyimbo hamjazigusa. Bayege walikuwa wawindaji wa tembo, banunguli wa nungunungu, bayeye wa nyoka. Kila chama na nyimbo zake, ngoma yake, dawa zake na namna ya kuingia. Nungunungu aliwindwa kwa sababu anaharibu mashamba ya mihogo na viazi, na wawindaji walimfuata hadi ndani ya shimo, kwa hiyo nyimbo za banunguli zimejaa giza, shimo, ujasiri na majina ya watu waliothubutu. Ukizikata ukabakiza kiitikio tu, umebakiza ganda.

Wimbo mmoja rekodi mara tatu. Mara ya kwanza uimbwe wote bila kukatizwa, pamoja na waitikiaji. Bila waitikiaji mwimbishaji anapoteza mahali pa kupumua na anaruka mistari. Mara ya pili mwimbishaji peke yake, taratibu. Mara ya tatu asiimbe, aseme maneno mstari kwa mstari, na wewe uulize kila jina ni nani na kila fumbo lina maana gani. Ukianza na ya tatu, wimbo unakauka na hautarudi siku hiyo.

Andika nani aliutunga, nani alimfundisha huyu, uliimbwa lini: wakati wa kutoka, njiani, kwenye shimo, au nyumbani baada ya kurudi. Wimbo wa kurudi ukiimbwa kabla ya kutoka ni mkosi, na mzee anaweza kukataa kwa sababu hiyo tu. Mwandalie nafasi yake.

Msimu mzuri ni baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, ngoma zinapochezwa. Bujora pale Kisesa wana makumbusho ya Wasukuma yenye jengo la vyama vya ngoma, na sikukuu ya Bulabo inaangukia kipindi hicho. Mpeleke mzee akavione vitu vya pale, beba kinasa. Ataanza kusahihisha, na masahihisho yake ndiyo unayotaka.

#16 Mdau Mtandaoni

Mimi naona yote haya yapandishwe YouTube tu, yatakaa milele na kila mjukuu atayaona.

#17 Mpenda Ngoma

Hapana mkuu. Kuna mambo manne ndani ya rekodi moja. Yaliyo ya wote, kama nyimbo za hadhara na mgawo wa nyama. Yaliyo ya ukoo. Yaliyo ya chama, ambayo aliyeingia ndiye anayeruhusiwa kuyasikia, na dawa za bayeye zimo humo. Mtu anaweza kuzisikia nusu akaacha kumkimbiza hospitali mgonjwa aliyeumwa na nyoka. Na yapo yanayotaja watu walio hai kwa ubaya au kwa kosa la kisheria. Mwisho wa kila kikao muulize mzee sehemu kwa sehemu, andika jibu lake kwenye daftari: wote, ukoo, chama, au baada ya kufa kwangu. Cha wote peke yake ndicho kipandishwe YouTube.

Na akaunti ya mtu mmoja siyo ghala. Ikifungwa, imekwenda na kila kitu.

#18 Fundi Sauti

Ghala ni nakala tatu: moja kwenye diski ya nje, ya pili kwenye kumbukumbu ya mtandaoni, ya tatu kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Flashi ni ya kubebea, siyo ya kutunzia. Kadi za bei ya chee za mitaani nyingi zimeandikwa GB 64 wakati ndani ni 8. Zinapokea faili bila kulalamika, halafu ukifungua hakuna kitu. Ijaze hadi mwisho, kisha fungua faili ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Kila mwaka, siku moja inayojulikana kwa familia, fungueni nakala zote tatu msikilize dakika moja ya kila faili.

#19 Mwalimu wa Bwiru

Kuhusu watoto, wakuu. Uwindaji wenyewe hauwezi kurithishwa kama zamani, lakini macho ya mwindaji yanaweza. Kusoma nyayo hakuhitaji kuua. Kingo za ziwa na mashamba ya mpunga zina matope mazuri: kenge, kwarara, mbwa, ng'ombe, vicheche. Mzee aoneshe, mtoto aseme: mnyama alikuwa anakwenda wapi, anakimbia au anatembea, alipita kabla ya umande au baada.

Kuchukua nakala ya unyayo: kata boksi gumu upana wa sentimita 5, lizungushe kuwa duara, lidumbukize kidogo kwenye matope kuuzunguka unyayo. Changanya plasta ya Parisi vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji, mwaga plasta ndani ya maji, siyo maji ndani ya plasta, koroga taratibu bila kutia mapovu, iwe nzito kama uji wa mtoto. Mimina pembeni mwa unyayo itiririke yenyewe. Ukimimina juu yake unaharibu kucha. Nusu saa, inua pamoja na tope lake, kausha siku nzima, ndipo uoshe kwa brashi. Ikiwa nyepesi haitashika, ikiwa nzito itaacha matundu. Andika nyuma kabla haijakauka: mnyama, jina la Kisukuma, mahali, tarehe.

Upinde wa asili usiwe wa kuchezea. Upime: urefu ukifuata mgongo, umbali wa ncha hadi ncha, unene kila baada ya sentimita 10, uzito kwa mizani ya jikoni. Mpe fundi atengeneze mwingine kwa vipimo hivyo, mzee akiwa amekaa pembeni akimkosoa, na ukirekodi. Mti msioujua jina la kitaalamu: chukua tawi lenye majani na ua au tunda, libane kati ya magazeti chini ya matofali wiki mbili, badilisha magazeti kila siku mwanzoni, andika jina la Kisukuma. Mtaalamu wa misitu atalitambua baadaye.

Jioni, shikome. Moto uani, mzee kiti chake, watoto mkekani. Wasimuliwe kilekile kilichorekodiwa, siyo kuchezeshewa simu.

#20 Binti wa Igoma

La mwisho kwangu: kuandika. Kisukuma cha babu kina sauti ambazo Kiswahili hakina. Nh, mh, ng'h, kila mtu anaandika anavyojua.

#21 Ngosha wa Kisesa

Chagueni namna moja muiandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Hizo nh, mh na ng'h ni sauti za puani zinazotoka na pumzi, siyo n na m za kawaida, msiziangushe. Irabu za Kisukuma ni saba, kwa hiyo a, e, i, o, u hazitoshi. Maandishi ya zamani yaliweka alama ya wimbi juu ya i na u kwa zile mbili zilizobaki, nanyi mnaweza kufanya hivyo. Toni pia inageuza maana, na hiyo hamtaiandika vizuri, kwa hiyo kila neno gumu liwekeeni dakika na sekunde ya rekodi pembeni: podo_01, 12:40.

Andika Kisukuma kwanza, chote, pamoja na kigugumizi na marudio. Kiswahili kifuate safu ya pili. Ukitafsiri moja kwa moja ukisikiliza, utaandika ulichokielewa wewe. Saa moja ya mzee itakula saa 5 hadi 8 za kuandika, gawaneni vipande vya dakika 10 kwa wajukuu. Maneno msiyoyajua acheni nafasi yenye mstari, mkusanye, mrudi kwake na orodha asubuhi, akishakunywa uji.

#22 Binti wa Igoma

Nimeelewa. Tunaanza na podo Jumamosi, saa 2.